Maporomoko Tumeyaona, Sasa Twendeni Elmwood

Nianze kwa kukiri kwamba nilishindwa kihalali. Kwenye mkutano wetu wa mwezi uliopita swali lilikuwa moja tu, safari ya mwaka ya chama iende wapi, na mimi nilisimama nikapendekeza makumbusho na majumba ya sanaa ya hapa hapa Buffalo. Watu walicheka. Mwenzangu mmoja, tena rafiki yangu, akasema, "Injinia, sisi tukatoe hela tukaangalie rangi zilizomwagika?" Kura zikapigwa, upande wetu tukawa watatu, na safari ikapangwa kwenda Niagara Falls kama mwaka jana na kama mwaka juzi. Sina kinyongo. Maji ni mazuri. Lakini yale maji tumeyapiga picha mpaka nadhani yenyewe yametuchoka, na kwa kuwa mhariri amenipa ukurasa, narudia hoja yangu hapa ambapo hakuna wa kunikatiza.

Hoja yangu haikuwa kwamba tuwe watu wa kunywa divai na kutikisa vichwa mbele ya picha. Ni kwamba maonyesho yaliyo jirani na West Side yanatuhusu kuliko tunavyodhani, na kwamba tukienda, tusiende peke yetu wasomi. Twende na wale jirani zetu wa Grant Street, kwa sababu wao wataona vitu ambavyo sisi hatuvioni. Nitaeleza nilivyolijua hilo.

Kwanza ramani, kwa wasioifahamu West Side. Najua mpo, maana wengi wetu tunafika kule kwa mambo mawili tu, kusukwa nywele na kutafuta unga wa ugali. Grant Street ni mtaa ambao ukipiga chafya utajibiwa kwa Kiswahili. Ni Kiswahili cha Kivu hasa, na kile cha Warundi na Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, kikisikika kando ya Kinepali, Kiburma na Kisomali. Upande wa mashariki wa mtaa huo kuna chuo cha Buffalo State. Ukikikata katikati kwa miguu unatokea Elmwood Avenue, na hapo yako majumba mawili yanayotazamana. Upande wa chuo ni Burchfield Penney Art Center, na ng'ambo ya barabara ni Buffalo AKG Art Museum, lile lililojulikana kwa miaka mingi kama Albright-Knox. Ukisogea kaskazini kidogo unalikuta Buffalo History Museum. Mwendo wote huo ni kama dakika ishirini, thelathini ukiwa na watoto. Nina jirani aliyekaa Grant Street miaka minane bila kuvuka kwenda upande ule. Hakukatazwa na mtu. Hakuna aliyemwambia tu kwamba kuna kitu cha kwenda kuangalia.

Mimi mwenyewe sikupelekwa na mapenzi ya sanaa. Nilipelekwa na paa. AKG ilifungwa mwishoni mwa 2019 kwa ujenzi, ikafunguliwa tena Juni 2023. Sasa ni majengo ya nyakati tatu: lile la 1905 lenye nguzo za Kigiriki, lile la 1962 la msanifu Gordon Bunshaft, na jipya la kioo lililosanifiwa na ofisi ya OMA chini ya Shohei Shigematsu. Jengo la 1962 lilikuwa na ua wa wazi katikati. Juu ya ua huo Olafur Eliasson na Sebastian Behmann wameweka paa la pembetatu za vioo, nyingine zikipitisha mwanga na nyingine zikiakisi, ambalo katika sehemu moja linashuka mpaka chini kama mkonga wa tembo anayekunywa maji. Kazi hiyo inaitwa Common Sky. Mtu wa fani yangu akiingia pale haulizi maana yake nini. Anauliza uzito unakwenda wapi, na theluji ya Buffalo, ambayo wote tunaijua tabia yake, ikilala juu ya vioo vile inakuwaje. Nilisimama shingo imepinda karibu nusu saa. Sehemu hiyo ya ua haina kiingilio, kwa hiyo kisingizio cha hela kwa pale hakipo.

Mara ya pili nilikwenda na mtoto. Jumamosi huwa nawasaidia hesabu watoto wa jengo letu, na mmoja wao, kijana wa miaka kumi na miwili ambaye wazazi wake wanatoka Uvira, aliniomba nimpeleke akaone hilo paa nililokuwa nalichora ubaoni. Tulizunguka kote. Kuhusu rangi zilizomwagika, rafiki yangu hakukosea sana: jumba hilo linamiliki Convergence ya Jackson Pollock, ya mwaka 1952, yenye upana wa karibu mita nne, na kweli rangi imemwagwa. Ila mwagieni ninyi tuone. Rangi ikiwa nyepesi mno inatuama, ikiwa nzito mno inakatika katikati ya mstari, na mkono ukisita kidogo tu panajaa donge. Yule bwana aliujua utelezi wa rangi kuliko baadhi yetu tulivyoujua kwenye maabara ya mwaka wa pili.

Basi, tukiwa tunatoka, yule kijana akaniuliza, "Mwalimu, kuna kitu chetu humu?"

Nilimjibu ovyo. Nilisema sanaa ni ya wote, jibu ambalo mtu mzima hutoa akiwa hana jibu. Nyumbani nikaanza kusoma, na nikakutana na habari ya mwaka 2007. Jumba hili, wakati huo likiitwa Albright-Knox, liliamua kuuza kazi zake nyingi za kale ili lipate fedha za kununua sanaa ya kisasa, ambayo lilisema ndiyo kazi yake hasa. Miongoni mwa vilivyouzwa kule Sotheby's, New York, kilikuwamo kichwa cha shaba cha Oba, mfalme wa Benin, cha karne ya 16 au ya 17. (Nasema Benin ile ya Nigeria, ufalme ambao Waingereza waliuvamia na kuupora mwaka 1897, si nchi yenye jina hilo.) Kilinunuliwa kwa dola milioni 4.7 hivi. Mauzo yote yalileta zaidi ya dola milioni 67. Baadhi ya wakazi wa Buffalo walipinga, wakaenda mpaka mahakamani, wakashindwa.

Ninajua Benin si Uvira wala si Mwanza. Ninajua pia kwamba jumba lina haki ya kuamua linataka kuwa jumba la namna gani, na sheria haikuvunjwa. Ila hebu fikiria kidogo, ndugu msomaji. Kichwa cha mfalme wa Kiafrika kilikuwa katika jumba lililo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Grant Street. Wakati wa ule mjadala watu wa mji huu walisimama kukitetea kibaki, au kuunga mkono kiondoke. Chama kama chetu kingesema nini? Kusema kweli kisingesema chochote, kwa sababu tungekuwa hatujui kama kipo. Tungekuwa kwenye maporomoko.

Hilo ndilo linalonisumbua katika mazoea yetu ya kusema "hayo mambo yao". Mtu asiyeingia mahali hana sauti siku vitu vya mahali hapo vinapogawanywa.

Na Buffalo ina historia yake ya kuwaweka watu wetu kwenye maonyesho. Mwaka 1901 mji huu uliandaa Pan-American Exposition, maonyesho makubwa ya viwanda, umeme na fahari, yale ambayo Rais McKinley alipigwa risasi akiyatembelea, mwezi Septemba. Jumba la mwaka 1905 la AKG lilikusudiwa liwe la sanaa la maonyesho yale, ila halikumalizika kwa wakati. Lile la Buffalo History Museum ndilo pekee lililosalia mpaka leo. Katika eneo la burudani waliweka kijiji walichokiita "Darkest Africa", na ndani yake kundi la Waafrika walioletwa ili watu walipe waingie kuwatazama wakipika, wakicheza ngoma, wakiishi. Walikuwa watu kamili, si sanamu, na walikuwa wakitazamwa mchana kutwa.

Sasa sikiliza upande wa pili, ambao sikuwahi kuusikia mpaka nilipoanza kupekua. Kulikuwa na mwanamke Mmarekani Mweusi hapa Buffalo, Mary Talbert, ambaye hakusubiri maonyesho yafunguliwe ndipo alalamike. Novemba 1900 watu walikutana katika kanisa la Michigan Street Baptist, na Talbert akadai watu Weusi wawemo katika uendeshaji wa shughuli ile na kazi zao zionyeshwe. Katika uendeshaji hawakuingizwa. Lakini maonyesho yaliyokuwa yamepelekwa Paris mwaka 1900, yaliyohusu maisha na maendeleo ya Wamarekani Weusi, yaliletwa Buffalo. Sehemu yake maarufu ilitengenezwa na W. E. B. Du Bois, yule yule aliyekuja kufariki na kuzikwa Accra mwaka 1963. Kule Paris yeye na wanafunzi wake wa Atlanta University walipeleka picha mamia na chati walizochora na kupaka rangi kwa mkono: idadi ya watu, ardhi waliyomiliki, shule, kazi. Zitafuteni kwenye intaneti. Ni miviringo na ngazi za rangi nyekundu, njano, kijani na nyeusi, safi kuliko chati nyingi tunazoweka kwenye tasnifu zetu kwa kompyuta. Zilichorwa na wanafunzi, kama sisi. Kwa hiyo katika maonyesho yale yale kulikuwa na Waafrika waliowekwa watazamwe, na kulikuwa na kazi ya watu Weusi waliochagua wenyewe nini kitazamwe. Nikipita kwenye lile jengo la History Museum, lenye nguzo zake nyeupe, kila mara huwafikiria wote wawili.

Lakini niliahidi kusema kuhusu jirani zetu, na hapa ndipo nilipo na mengi.

Mama yake yule kijana hudarizi. Huenda Stitch Buffalo, kituo cha kazi za nguo kilichopo Niagara Street, ambako wanawake wakimbizi na wahamiaji hushona, hudarizi na kuuza kazi zao. Mwanawe alipomsimulia habari za paa na rangi zilizomwagika, mama akasema na yeye anataka kuona. Safari hii nikawapeleka ng'ambo ya pili ya barabara, Burchfield Penney.

Jina la kituo hicho linatokana na Charles Burchfield, na habari yake ni fupi ila tamu. Alihamia Buffalo mwaka 1921 kuja kuchora karatasi za ukutani, zile zenye maua na miti ambazo watu walibandika sebuleni, katika kiwanda cha M. H. Birge & Sons. Alikuwa mwajiriwa, mwenye mke na watoto waliozaliwa mmoja baada ya mwingine, akichora kwa mshahara mchana na picha zake mwenyewe za rangi za maji akizichora katika muda alioiba. Mwaka 1929 aliacha kazi. Mwaka uliofuata Museum of Modern Art ya New York ikamwandalia maonyesho, ya kwanza katika jumba lile kuwa ya msanii mmoja peke yake. Kituo cha Buffalo kilifunguliwa kwa jina lake Desemba 1966, naye akafariki Januari 1967. Jengo tunaloliona sasa ni la mwaka 2008.

Mimi nilizipenda picha zake kubwa, zile ambazo miti inatetemeka na wadudu unakaribia kuwasikia. Mama hakukaa sana hapo. Alisimama mbele ya kipande cha karatasi ya ukutani. Akasogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Mimi nikadhani amechoka.

"Mwalimu, huyu mtu alikuwa fundi," akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Tazama hii ua. Iko inarudi hapa, na hapa tena. Lakini hauone fasi aliunganisha."

Fasi, kwa Kiswahili cha kwao, ni mahali. Nikatazama. Wallahi sikuona. Karatasi ya ukutani huchapwa kwa rola, kwa hiyo mchoro hauna budi kujirudia kila baada ya kipimo fulani, na ukingo wa kulia wa kipande kimoja sharti ukutane na ukingo wa kushoto wa kipande kinachofuata bila kuonyesha kovu. Haya ninayaandika sasa kama mtu anayejua, ila siku ile ni mama aliyenionyesha kwa kidole cha mbali kwamba tawi limepitishwa makusudi juu ya kiungo ili jicho lifuate tawi na lisahau kiungo. Akanieleza kwamba kitenge kina shida hiyo hiyo ukikikata gauni: mshonaji mbovu anakata popote, na ndege anabaki na kichwa kifuani na mkia mgongoni. Aliyajua hayo kwa mikono. Mimi nina digrii mbili na ninatafuta ya tatu.

Nikamwambia kwamba kiwanda cha Birge kilikuwa Niagara Street, barabara ile ile anayokwenda yeye kudarizi. Akacheka.

"Na alikuwa analipwa?"

"Alilipwa mshahara, mama."

"Basi muzuri."

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza tofauti iko wapi. Karatasi zile zilikuwa bidhaa. Zilibandikwa, zikafifia, zikabanduliwa na kutupwa, na leo zilizobaki zinatunzwa kama sanaa. Kilichozivusha, pamoja na ufundi, ni kwamba mtu mmoja aliandika nani alichora, mwaka gani, kwa kiwanda gani. Sasa chukua kanga aliyokupa mama yako ulipokuwa unaondoka, maana najua unayo, hata kama unaitumia kama pazia. Ina pindo, ina mji, ina jina. Zile zilizoandikwa "Mali ya Abdulla" zinatoka kwa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, biashara iliyoanza mwaka 1887. Jina la mwenye mali lipo, na lile fumbo la kumchokoza jirani lipo. Nani aliyechora ule mji wa katikati, ukakaa sawasawa kwenye pindo zake? Hatujui. Kanga ina jina, ila si la aliyeichora.

Kwa hiyo pendekezo langu la pili, ambalo halihitaji basi wala kura. Kila mwaka kwenye Usiku wa Afrika tunafanya maonyesho ya mavazi, wenzetu wanapita jukwaani na vitenge, tunapiga vigelegele. Mwaka huu kila vazi liandikiwe kadi: limeshonwa na nani, wapi, limechukua siku ngapi, kitambaa kimetoka wapi. Mafundi wengi wa nguo zile wanaishi hapo Grant na Niagara. Waulizwe kama wanataka majina yao yaandikwe, na wakikubali yaandikwe sawasawa, si "mama mmoja wa Kikongo" kama nilivyoandika mimi hapa kwa kuwa hakutaka jina lake gazetini. Na waalikwe, wakae viti vya mbele.

Wengine watasema nimekuza mambo, na kwamba mtu akiwa na mitihani, kazi ya usiku maktaba na ada ya muhula unaokuja hana muda wa karatasi za ukutani. Ninawaelewa, nipo humo humo. Ila safari ya maporomoko inakula siku nzima, na hii ni saa tatu. Wengine wataniambia kazi za Waafrika Mashariki zipo kwingine, niende huko. Ni kweli pia. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye hufinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu na kuvisugua mpaka ving'ae, alikuwa na maonyesho makubwa katika Gardiner Museum hapo Toronto kuanzia 2023 hadi 2024, saa mbili tu kwa gari. Niliyakosa. Mnajua sababu: ile viza ya Kanada, ambayo kwa pasipoti zetu inachukua muda mrefu kuliko maonyesho yenyewe. Elmwood haina viza.

Basi ratiba yangu ni hii, kwa wale wawili walionipigia kura na wengine watakaojuta. Maonyesho ya muda hubadilika, kwa hiyo nitaangalia kilichopo wiki hiyo, pamoja na siku za kiingilio cha bure, maana majumba haya huwa nazo. Tutakutana kona ya Grant na Forest, tutakata Buffalo State kwa miguu. Tutaanza Burchfield Penney, kisha AKG kwa ajili ya paa, na wenye nguvu watafika History Museum. Halafu tutachukua basi la Niagara Street tukaone kazi za wale akina mama zikiwa bado mikononi mwao, na mwenye hela ya kununua anunue. Mkitaka kula, West Side Bazaar iko barabara hiyo hiyo.

Mama amekubali kututangulia kwenye karatasi za ukutani. Ana masharti mawili: iwe Jumamosi baada ya saa saba, akishatoka kazini, na asiulizwe maswali kwa Kiingereza.